Harufu ya thina si kipimo cha hatari

Nilipulizia rangi za magari kwa miaka 11 nikiiamini pua yangu. Thina ikinikereketa koo navaa kinyago. Harufu ikipungua nakivua. Niliwakuta mafundi wakifanya hivyo, nikawafundisha hivyohivyo vijana waliokuja baada yangu.

Kumbe la kuogopwa zaidi lilikuwa kwenye hadena, ile tunayochanganya na rangi ili ikauke ngumu. Hadena nyingi zina isosianeti, kemikali inayoleta pumu, na harufu yake haikuonyi: ukija kuinusa, umeshavuta kiasi cha kukudhuru. Mwili ukishaikataa, hata chembe kidogo hukubana kifua.

Mwenzetu mmoja alianza kukohoa usiku, saa nyingi baada ya kazi. Siku za mapumziko alipata nafuu. Sote tulisema ni mafua. Hakuna aliyekihusisha kikohozi cha usiku na rangi ya mchana, nami nikiwemo, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Si kwamba tulikuwa wazembe. Maji ya betri tuliyashika kwa glavu bila kukumbushwa, maana yale huchoma papo hapo.

Kilichotubadilisha ni tochi. Tulimaliza kupulizia, tukazima taa, tukamulika kwa ubavu ndani ya chumba tulichodhani kimeshatakata. Ukungu ulikuwa bado umetanda! Na ndio wakati ambao kila fundi hufunua uso asogee kutazama kama rangi imekaa laini. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa.

Kama unasimamia mafundi, fanya jaribio hilo mbele yao. Anza na wale wakongwe, kwa sababu aliyepulizia miaka mingi bila kuugua huuchukulia uzima wake kuwa ushahidi. Ukiweza, nunua vinyago vinavyoletewa hewa safi kwa mpira. Kichujio cha kinyago cha kawaida kikichoka, isosianeti hupita na pua haikuambii. Pima kwa moshi chumba chenu huchukua dakika ngapi kusafika feni ikiwa inazunguka, uandike muda huo mlangoni, na kabla haujatimia asifunue mtu uso.

Nawe fundi, kifua kikianza kubana au kikohozi kikija usiku, nenda hospitali mapema. Mwambie daktari unapulizia rangi yenye hadena, hata kama hajakuuliza kazi yako.