Dar mpaka Lusaka kwa basi, utavumilia vipi

Mkuu, umeuliza mtu mwenye hela ya mawazo, yaani ndogo, atatokaje Dar mpaka Lusaka kwa basi bila kuumia. Mi hiyo ruti nimeshaipiga, sikufichi inachosha sana ila inavumilika.

Jambo kubwa ni siti. Usikubali siti ya nyuma kabisa wala ile ya juu ya tairi, mimi nilikaa juu ya tairi magoti yapo kifuani toka Mbezi, kufika Makambako miguu imevimba viatu haviingii. Kata tiketi mapema uchague ya katikati, na kila gari likisimama watu wachimbe dawa we shuka hata kama hujabanwa, tembea tembea damu izunguke. Na maji usijinyime jamani, kunywa kidogo kidogo.

Sweta beba, kuanzia Mafinga baridi si mchezo hasa mwezi wa 6 na wa 7, dirisha likigoma kufunga utatetemeka usiku kucha. Chapati na mayai ya kuchemsha toka nayo nyumbani.

Tunduma, mpakani upande wa Tanzania, badili hela ya kula tu, hesabu mwenyewe taratibu hata wakikuharakisha. Ukivuka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, rudisha saa nyuma kwa saa 1, na ujue hapo ndo nusu ya safari, Lusaka bado kilomita kama 1,000, wengi wanadhani wameshafika ndo wanakata tamaa.

Unaondoka lini mkuu?