Uvae nini usiku wa kilele Kilimanjaro

Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa kwenda kupanda Kilimanjaro huanza kuulizia koti. Koti linahitajika kweli, lakini mara nyingi anayelemewa na baridi kule juu koti zuri analo. Tatizo liko chini yake: fulana ya pamba iliyolowa jasho, au soksi jozi mbili zilizoshindiliwa kwenye kiatu kinachobana.

Safari ya kilele huanza kama saa 6 usiku, kutoka kambi ya Kibo kwenye mita 4,720 kwa wanaopita njia ya Marangu, au kambi ya Barafu kwa wanaopita njia ya Machame. Mwendo ni wa kunyata, kwa hiyo mwili hauzalishi joto jingi kama unapokimbia. Baridi hukaza zaidi kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri, na hapo ndipo unapokaribia Gilman's Point au Stella Point, ukingoni mwa kreta chini ya kilele, ukiwa umechoka na huna hamu ya kula. Kwenye Kilele cha Uhuru, mita 5,895, nyuzi 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na inaweza kufika hata 20. Upepo bado hujauhesabu.

Kinachokuweka na joto ni hewa iliyonaswa katikati ya nguo, si uzito wa nguo yenyewe. Juu vaa matabaka manne: fulana ya mikono mirefu inayoshika mwili, ya polista au sufu, flisi, yaani lile sweta laini la polista lenye manyoya mafupi, jaketi nene la manyoya ya bata au la kujazwa nyuzi za polista, kisha koti la nje la kuzuia upepo na mvua. Chini vaa taitsi, suruali ya flisi na suruali ya upepo. Koti la nje liwe namba moja zaidi ya unayovaa siku zote. Likikubana, linaminya jaketi la ndani, hewa inatoka, na unabaki umevaa nguo nyingi huku unatetemeka. Lijaribu ukiwa umevaa zote: inua mikono juu, kisha chuchumaa. Kiuno kisibaki wazi.

Jinzi na fulana za pamba ziache Moshi. Pamba hufyonza jasho na kukauka polepole, na maji huondoa joto mwilini kama mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Sufu hukupa joto hata ikiwa na unyevu, na polista hukauka haraka. Kwa sababu hiyohiyo, usilale na nguo ulizotembea nazo mchana.

Kosa kubwa la usiku ule ni kuvaa kila kitu tangu kambini. Nusu saa ya kwanza unaona raha, inayofuata unatoka jasho, na kufikia saa 9 jasho hilo limepoa mgongoni. Ondoka ukiwa unahisi baridi kidogo, jaketi nene likiwa juu kabisa kwenye begi. Ukianza kupata joto, fungua zipu kabla ngozi haijalowa. Mkisimama, hata kama ni kwa dakika 5, vaa jaketi papo hapo. Ukisubiri hadi utetemeke umeshachelewa, maana joto lililopotea kwenye mwinuko ule hurudi kwa tabu.

Mikono inahitaji glovu nyembamba ndani, na juu yake glovu nene ambazo vidole vinne hukaa pamoja, kwa sababu vidole vikigusana hupashana joto. Zifunge kwa kamba kwenye kifundo, kwani upepo ukichukua moja huipati tena. Miguuni vaa soksi moja nene ya sufu, labda na nyembamba chini yake kama kiatu kina nafasi. Vidole vichezecheze kwa uhuru. Kiatu kikibana, damu haifiki, na hapo soksi ya pili inakuletea baridi badala ya kuizuia. Kichwani vaa mzula unaofunika masikio, na shingoni kitambaa unachoweza kukivuta hadi puani.

Chupa ya maji iweke kichwa chini, kwa kuwa barafu huanza kujitengeneza juu, karibu na hewa. Mrija wa kunywea ndio huganda mapema kuliko vyote. Simu na betri za tochi zikae mfuko wa ndani.

Nguo hizi huhitaji kuzinunua mpya. Mitumba ya soko la Memorial pale Moshi inatosha, mradi ukague. Soma lebo ya ndani. Weka mdomo kwenye kitambaa cha koti la nje upulize: pumzi ikipenya, upepo utapenya. Jaketi la manyoya linyanyue kwenye mwanga utazame kama kuna vyumba vilivyoshonewa manyoya vilivyobaki vitupu. Zipu ivute mara kumi, tena ukiwa umevaa glovu. Jaketi na mfuko wa kulalia unaweza kukodi. Viatu nunua vyako, uvitembelee wiki kadhaa kabla ya safari.

Msituni mvua hunyesha hata nje ya msimu, na jaketi la manyoya likilowa hunywea na kupoteza joto. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia mfuko wa nailoni usiopitisha maji, na nguo za kilele usizifungue hadi usiku wenyewe.

Vidole vikifa ganzi, mwambie kiongozi wako mara moja, usione haya. Ngozi nyeusi inayoanza kuganda huonekana ya kijivujivu. Usiisugue, weka mikono kwapani. Mwenzako akianza kujikwaa na maneno yake kukosa mpangilio, au akiacha kutetemeka bila kupata joto, ashushwe bila kungoja macheo.

Jua likishatoka, vua jaketi kabla ya kuanza kushuka ule mchanga na kokoto, kwa sababu huko utatoka jasho kuliko usiku kucha. Vaa miwani ya jua, paka mafuta mdomoni, na soksi kavu ziwe zinakungoja kambini.