Kabla ya kupiga simu, fungua faili

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mikopo hapa Dodoma, kuna kosa langu la Aprili 2024 nawapa bure. Benki Kuu ilikuwa imeanza kuongoza sera ya fedha kwa riba Januari mwaka huo, kwa asilimia 5.5, na sasa ikaipandisha hadi 6. Nikakimbilia simu: "Shikamoo mzee, jiandae, marejesho yatapanda." Mzee ana kiwanda cha kukamua alizeti upande wa Kongwa. Akacheka. "Kijana, umesoma mkataba wangu?" Mkopo wake wa mashine ni wa miaka 5, riba imefungwa mpaka rejesho la mwisho. Na faili lilikuwa mezani kwangu!

Wa kupigiwa simu alikuwa jirani yake. Huyu mashine kanunua kwa fedha zake. Ukitazama mizania ya Desemba, yaani hesabu ya mali na madeni yake, utasema hana deni la kutisha. Lakini alizeti ikianza kuingia, anachukua ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa fedha kupita zilizomo kwenye akaunti, ajaze ghala, anarejesha mafuta na mashudu yakiuzwa, mwakani anaomba upya. Kila akirudi, masharti yanapangwa upya.

Msidhani nusu asilimia inateremka moja kwa moja hadi kaunta. Riba ya Benki Kuu inalenga bei ambayo mabenki yanakopeshana kwa siku saba. Mteja anaongezewa gharama na hatari yake, ndiyo maana riba ya mikopo ilibaki karibu na asilimia 15. Jirani hakuongezewa riba. Alipunguziwa kiwango cha ovadrafti na kudaiwa hati nyingine ya kiwanja. Julai 2025 riba iliposhushwa hadi 5.75, mzee wetu naye hakupata nafuu yoyote, maana kufuli lake linafunga pande zote mbili.

Kwa hiyo ulizeni mkopo unaiva lini, yaani mwisho wa kuulipa, riba inabadilika au la, dhamana ni nini. Halafu mtoke ofisini mkaombe daftari la mizani. La jirani niliona majina ya wakulima, idadi ya magunia, na safu ya mwisho imeandikwa "bado". Ovadrafti ilipopungua, alikuwa ameendelea kununua, ila sasa anawakopa wakulima. Deni hilo halikuwa kwenye mfumo wetu wala kwenye mizania aliyotuletea. Kwenye kurasa mbili tu nilihesabu "bado" ishirini na tatu, nyingine za Juni, na tulikuwa tumeshaingia Septemba.