Beringi za nyuma za Roadster: nyundo ilivyonigharimu kazi mara mbili

Gari langu ni Mazda Roadster ya 1993, ile ndogo ya viti viwili inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Liko chini mno kwa barabara za Lubumbashi, na mvua ikishachimba mashimo na kuyajaza maji mekundu, magurudumu ndiyo yanayolipa. Siku moja nikirudi kutoka Likasi likaanza kuunguruma nyuma. Mngurumo ulikuja kwenye kilomita 50 kwa saa, ukapanda kadiri nilivyokaza mwendo, na nilipotoa gia haukubadilika hata kidogo.

Nilidhani ni tairi. Nikahamisha tairi za nyuma mbele, kelele ikabaki palepale. Ndipo nikasikiliza kwenye kona: ukikata kushoto, uzito wa gari unaangukia kulia, na mngurumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia, yaani kile kipande chenye gololi kinacholiachia gurudumu lizunguke. Kisha nyanyua gari, shika springi kwa mkono mmoja, zungusha gurudumu kwa mwingine. Beringi iliyokufa utaihisi kwenye springi kama mchanga unaosagwa. Jaribu na upande wa pili ili mkono wako ujue tofauti.

Beringi hii, ambayo mafundi wengi wa hapa wanaiita kwa Kifaransa, roulement, imeshindiliwa ndani ya kile chuma kinachobeba habu, kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Kwa hiyo lazima chuma chote kitoke. Legeza nati kubwa ya katikati gari likiwa bado chini, mtu akikanyaga breki. Ni ya milimita 29, na ukingo wake umepigwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti. Uinue kwanza kwa patasi, la sivyo utaharibu nyuzi. Baada ya hapo weka gari juu ya stendi imara, usiliamini jeki peke yake. Kalipa ya breki ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta ya breki.

Bolti ndefu inayokishika chuma hicho kwa chini ndiyo iliyonitoa jasho. Inapita katikati ya bushi, kibomba kilichozungushiwa mpira, na kutu huigandisha humo. Nililoweka mafuta jioni, nikarudia asubuhi, nikaipasha moto, na bado ilichukua nusu siku. Usikimbilie bolti za upande wa ndani zenye kamu (kisahani ambacho tundu lake haliko katikati), hizo ndizo zinazopanga magurudumu.

Sasa kosa langu. Mara ya kwanza niliingiza beringi mpya kwa nyundo na kipande cha bomba, halafu nikaigonga habu mpaka ikakaa. Ilizunguka laini, nikafurahi. Haikumaliza miezi mitatu, mngurumo ukarudi.

Beringi ina pete mbili, ya nje na ya ndani, na gololi katikati. Unapoisukuma ndani ya chuma, nguvu iende kwenye pete ya nje tu. Unapoingiza habu, pete ya ndani iwe imeegemezwa kwa chini. Nguvu ikipita kwenye gololi, kila gololi inaacha kidonda kwenye njia yake. Kidonda hicho ni kidogo kiasi kwamba mkono hauwezi kukihisi, lakini barabara itakionyesha.

Safari ya pili nilibeba chuma changu mpaka kwa papa mmoja, mzee wa mtaa wa Kamalondo, mtu aliyezeekea kwenye karakana za migodi na mwenye presi, mashine ya kusukuma kwa nguvu iliyonyooka. Aliiangalia beringi yangu ya miezi mitatu, akasema, "Mwanangu, nyundo ni ya kutolea. Kuingiza ni presi." Kabla ya kusukuma chochote alitoa klipu inayofunga beringi, ukiisahau utapasua chuma. Habu ilipotoka, ilitoka na nusu ya pete ya ndani imeng'ang'ania. Akaisaga kwa uangalifu mpaka ikabaki nyembamba, akaipasua kwa patasi bila kuikwaruza habu. Beringi mpya nilikuwa nimeilaza kwenye friji usiku kucha, naye akapasha chuma moto kidogo. Iliingia kwa utulivu ambao sijausahau.

Ushauri wangu basi: fungua na kusafisha mwenyewe nyumbani, lakini presi mpelekee mwenye presi. Dukani nenda na beringi ya zamani mkononi, namba imechongwa kwenye pete. Nunua na sili mpya zote mbili, zile pete za mpira za kuziba, maana maji na vumbi letu huingilia hapo.

Wakati wa kurudisha, bolti zinazopita kwenye bushi zikaze kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza gurudumu likining'inia, mpira utabaki umejikunja na utachanika mapema. Nati ya katikati iwe mpya, ikazwe kwa spana ya kipimo, zaidi ya Nm 200 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kipimo kamili kisome kwenye kitabu cha gari lako. Usilisogeze gari hata mita moja kabla ya nati hiyo kukazwa.

Wapo watakaokuambia ubadilishe pande zote mbili kwa pamoja. Mimi ya kushoto niliiacha. Iko kimya, na kila ninapolinyanyua gari naishika springi yake na kusikiliza kwa vidole.