Waelimishaji rika wapya: sanduku la maswali halisubiri wiki ijayo

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, naandika nikiwa bado na moto. Juzi nimekaa nyuma ya darasa la kidato cha tatu nikawaangalia wenzenu wawili wakimaliza kipindi kizima kueleza VVU ni kifupi cha nini na UKIMWI ni kifupi cha nini, afu njia za maambukizi zikaimbwa kama tebo ya hesabu, kengele ikagonga, picha ikapigwa, rejista ikasainiwa, tukaondoka. Yani kulikuwa na binti wa mstari wa mbele alikuwa anawamalizia sentensi! Hayo wanayajua tangu shule ya msingi. Na hapa ni Njombe jamani, mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU wakati nchi nzima ni asilimia 4.4. Mtoto wa hapa hahitaji kuambiwa UKIMWI upo, amezika watu kwa huo UKIMWI. Anataka kujua afanye nini Jumamosi usiku, na kama limeshatokea aende wapi Jumapili asubuhi.

Najua mmetoka mafunzoni na flipchati mpya na moyo mkubwa, na nawapenda kwa huo moyo. Ila nisikilizeni.

1. Kujua sio kujikinga. Hili lilipimwa hapahapa Tanzania, kule Mwanza, mwishoni mwa miaka ya 90 kuingia 2000, mradi wa MEMA kwa Vijana. Jamii 20, nusu zikapata mradi nusu hazikupata. Walimu wakafundishwa, waelimishaji rika wakachaguliwa madarasani, watoa huduma wa vituo vya afya wakanolewa wasiwafokee vijana. Walipokuja kupima baadae, uelewa ulikuwa umepanda vizuri tu, lakini hawakupata ushahidi kwamba maambukizi yamepungua. Walirudi tena miaka kadhaa mbele, jibu lilelile. Kwahiyo mkiniletea ripoti inasema "wanafunzi walijibu maswali vizuri" mjue mimi sijafurahi bado.

2. Taja hatari iko kwa nani. Magharibi mwa Kenya, mwaka 2004 wasichana wa darasa la 8 walipewa kipindi kimoja tu cha kama dakika 40, video fupi na takwimu ubaoni, wakaonyeshwa VVU viko kwa kiasi gani kwa wavulana wa rika lao na kwa kiasi gani kwa wanaume wakubwa. Mimba kwa wasichana wale zilipungua kwa asilimia 28 mwaka uliofuata, na zilizopungua zaidi ni zile za wanaume wakubwa. Shule ambazo walimu waliongezewa mafunzo ya kuhimiza kuacha ngono tu, mimba hazikupungua. Sasa ninyi mko Makambako, njia panda ya malori, ya Mbeya yapite hapa, ya Songea yapite hapa, ya Dar yapite hapa, mabosi wa mbao wamejaa gesti, na bado mnasimama mbele ya mabinti mnasema "epukeni makundi mabaya". Kundi gani? Mwambie wazi kwamba yule anko anayemtumia hela ya bando na kumletea chipsi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na VVU kuliko kijana mwenzie wa darasani, na hilo halionekani kwenye gari wala kwenye perfyumu. Mabinti wana akili, wape hesabu wataipiga wenyewe.

3. Sanduku la maswali lifunguliwe kabla hamjatoka getini. Hapa naomba mnivumilie.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa naongoza kipindi kwenye shule moja ya kata, sitaitaja. Utaratibu wetu ulikuwa huu wa kwenu wa sasa, wanafunzi wanaandika maswali bila jina, wanatumbukiza, sanduku linaenda ofisini, maswali yanahesabiwa maana mfadhili anataka idadi, yanapangwa, wiki ijayo tunarudi kujibu. Siku ile ilikuwa Ijumaa, dereva anapiga honi anataka kuwahi, mvua inakuja, nikabeba sanduku nikaliweka miguuni kwenye gari. Na kipindi kilikuwa kimekimbia, ukurasa wa PEP, zile dawa za kuzuia VVU baada ya mtu kuwa kwenye hatari, nilikuwa nimeuruka, nikajisemea nitaugusia nikirudi. Sanduku likakaa juu ya kabati la ofisi. Nimekuja kulifungua katikati ya wiki, nikaanza kusoma, eti mbu anaambukiza? kunyonyana ndimi kunaambukiza? yale ya siku zote, nacheka na mwenzangu. Afu nikakutana na kakaratasi kameandikwa kwa penseli, mwandiko mdogo, kinauliza kama mtu amelazimishwa jana na hakuwa na kinga, kuna dawa au ndio basi.

Jana, yani Alhamisi. PEP inatakiwa ianze ndani ya masaa 72, na kadri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi, afu unameza siku 28. Siku ya kipindi kulikuwa na muda wa kutosha kabisa, kituo cha afya kilikuwa mwendo wa bodaboda kutoka pale shuleni na dawa zilikuwepo, nilikuja kuhakikisha. Mimi nilikuwa nimekaa na swali lake juu ya kabati. Nilimpigia mwalimu wa malezi, tukashindwa hata pa kuanzia maana kumtafuta mwandishi ni kumuanika mbele ya shule nzima. Nikarudi kesho yake, nikapita kidato kwa kidato nikieleza PEP, nikieleza kupima na kurudia kupima, dawati la jinsia la polisi, namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto ambayo ni bure, nikakaa chini ya mti mpaka jioni nikiwaambia anayetaka kuongea na mimi nipo. Walikuja wengi, hakuja aliyesema ni yeye. Sijui kama alipata maambukizi au alinusurika. Ninachojua ni kwamba alikuwa na ujasiri wa kuandika, swali lake lilikuwa zuri kuliko kipindi changu chote, na mimi sikulisoma kwa wakati kwa sababu ya utaratibu wa kuhesabu karatasi.

Kwahiyo sitaki kusikia habari ya dereva. Kipindi kinaisha dakika 20 kabla ya kengele, mmoja anaendelea na darasa mwingine anasoma karatasi zote, na ya dharura inajibiwa palepale mbele ya wote bila kumtafuta mwenyewe: "ikiwa imetokea ndani ya siku tatu, nenda leo, sio kesho". PEP na masaa 72 ndio mnaanza nayo kipindi, msiiache mwisho. Na kama mtu amebakwa waambieni aende hospitali kwanza, penye kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowapa waliofanyiwa ukatili huduma zote sehemu moja, aende hapo. PF3, ile fomu ya polisi, itafuata, dawa haisubiri karatasi.

4. Kondomu: angalia tarehe, usifungue kwa meno, usipake mafuta ya mgando, usivae mbili. Shuleni mna mipaka yenu na mkuu wa shule atawaambia, lakini kijiweni hamna kisingizio. Pale stendi kuna boda alinibishia kwa sauti kwamba yeye hajawahi kukosa kinga, akainua siti ya pikipiki akatoa moja kuthibitisha, imekaa na jua na oili mpaka karatasi imefutika maandishi! Kijiwe kizima kilicheka na yeye akacheka, afu tukakaa karibu saa nzima kila mtu anatoa ya kwake tunaikagua. Kipindi bora nimewahi kufanya pale, na flipchati sikuitoa kwenye begi.

5. Mle darasani yupo mwenye VVU. Kila darasa, chukulieni hivyo. Amezaliwa nao, anameza dawa kila siku, na wewe umesimama unaonyesha picha ya mtu amekonda unasema huyu ndio mwisho wake. Nimeona vijana wakiacha dawa kwa maneno ya namna hiyo. Semeni ukweli ambao ndio unaokinga pia: anayetumia ARV, yani dawa za kufubaza VVU, vizuri na wingi wa virusi ukashuka mpaka kipimo hakivioni, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Hili liseme polepole, mara mbili, wengi wanalisikia kwa mara ya kwanza.

6. Umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ni miaka 15 tangu sheria ilivyorekebishwa 2019, bado nawasikia mnasema 18. Acheni.

7. JIPIME, kile kipimo cha kujipima VVU mwenyewe, mkieleza, elezeni na kwanini inapita kwenye fizi, maana watoto wanaondoka wakidhani mate yanaambukiza. Inatafuta kingamwili, haitafuti kirusi. Ikionyesha mistari miwili haijamaliza, anaenda kituoni kuthibitisha. Na kipimo chochote cha haraka cha leo hakisemi habari ya wikendi iliyopita, arudie baada ya miezi mitatu. Anayejijua yuko kwenye hatari kila wakati mpelekeni akaulize PrEP, dawa za kujikinga na VVU kabla ya hatari, msimkaripie.

8. Rufaa. Tangu Marekani ilivyositisha misaada Januari 2025 mambo yamebadilika sana, kuna huduma zilihama, kuna wahudumu mlizoea kuwatajia wameondoka. Usimtume kijana sehemu ambayo hujaiulizia wiki hiyo. Kijana aliyekusanya ujasiri akafika akakuta mlango umefungwa, hutampata tena. Andika jina la muhudumu, siku anazokuwepo, saa ngapi, na kama PEP ipo stoo leo, sio mwezi uliopita.

Timu ya stendi, kabla ya Alhamisi nataka hiyo orodha kwenye daftari na simu mmepiga wenyewe. Timu ya shule, niletee mpango wa kipindi ambao dakika ya kwanza ni masaa 72, na mniandikie jina la nani anasoma sanduku.