Jibu: Nimkatalie mwanangu kuuza bidhaa za kuchangia shule?

Mzazi mwenzangu, umeuliza kama ni vibaya kumkatalia. Si vibaya hata kidogo. Mimi napenda mtoto ajifunze kusalimia, kueleza pesa ni za nini na kurudisha chenji bila kukosea. Kinachoniuma ni zile zawadi za aliyeuza zaidi: mara nyingi anayeshinda ni yule ambaye mzazi wake amezungusha kazini karatasi ya oda, ile wanunuzi wanayojiandikisha. Mtoto mwingine anarudi na karatasi tupu, anajiona hafai.

Waulize walimu shule inabakiwa na kiasi gani baada ya msambazaji wa bidhaa hizo kuchukua chake. Kikiwa kidogo, changia moja kwa moja na umweleze mwanao sababu. Akitaka kuuza, fuatana naye; asiende peke yake kubisha hodi kwa watu asiowajua.