Kipande cha majaribio kabla ya bamba kubwa

Anayeanza kuchora kwa asidi kwenye bamba la shaba, ili alipake wino na kuchapa picha karatasini, huhangaikia mchoro, kumbe weusi wa mstari unaamuliwa na muda wa kukaa ndani ya asidi. Sindano haikati shaba, inakwangua tu nta ya kinga. Kinachokula shaba ni mmumunyo wa kloridi ya feri, ambao hapa tunauita asidi. Basi kata kwanza kipande cha shaba ileile, sentimita 5 kwa 15.

Piga kingo tupa kwa mshazari, zisichane karatasi. Sugua uso kwa chaki na siki mpaka maji yatande bila kukatika. Yakijikusanya matone, mafuta yapo bado, na nta itabanduka hapohapo. Paka nta, chora mafungu matano ya mistari inayofanana, ziba mgongo kwa tepu.

Tumbukiza. Zikitimia dakika 5 toa, suuza, kausha, ziba fungu la kwanza kwa vanishi. Mengine yazibe kwenye dakika 10, 20 na 40. La mwisho liache hadi 80. Hapa ndipo watu hukosa subira: vanishi ikiwa mbichi, asidi hupenya chini yake na kuacha vidoa.

Uso ukitazama juu, mashapo hujaa mistarini na asidi haifiki. Ugeuze chini, pembe zikae juu ya vipande vya plastiki, na uingize bamba kwa mshazari lisinase hewa. Andika pia joto la asidi. Ikiwa baridi hula polepole, na dakika 20 za leo hazitakuwa 20 za kesho. Vaa glovu na miwani, usiimwage kwenye sinki, na usitie alumini humo; huchemka ghafla.

Ondoa nta na vanishi, jaza wino mistarini, futa uso, uchape. Karatasi ya pamba ya kuchapia iloweke kwanza nusu saa, kisha ikaushe mpaka ising'ae. Yenye maji juu hukataa wino.

Sasa soma chapa. Dakika 5 ni unywele wa kijivu. Kwenye 80, mistari iliyobanana huenda imeungana: kuta zimeliwa, wino hauna pa kujishika, katikati pamepauka huku kingo ni nyeusi. Weusi mpana unataka akwatinti, yaani chembe za utomvu zinazoyeyushwa juu ya bamba ili asidi ile vishimo vidogo kati yake, si muda zaidi.

Ila bamba lililoliwa hivyo usilitupe. Katika Atelier 17, karakana aliyoianzisha Stanley William Hayter jijini Paris mwaka 1927, mabamba yaliyoliwa kwa vina tofauti yalichapwa rangi kadhaa kwa mpigo mmoja: rola laini hufika mashimoni, ngumu hugusa juu tu, na wino wenye mafuta mengi huukataa ule mzito.